Baba, Nyanya na Kozi Isiyo na Jina

Baba yangu na nyanya yangu, mama yake mama, waliishi jirani, uzio tu katikati, na hawakuwa wamesemezana tangu mama aolewe. Usiwaze ugomvi. Hakukuwa na ugomvi wowote. Walikuwa wanaheshimiana, basi, na kwetu Waborana heshima ya mtu na mama mkwe wake ni kazi ya kutwa: hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mmoja akiingia kwa mlango huu mwingine anatafuta ule. Sodda, tunasema, yaani mkwe, na ukishasema hivyo hakuna anayekuuliza swali lingine.

Lakini majirani wana mambo ya kuambiana, na mimi ndiye niliyekuwa njia yao. Nyanya akija kwetu na baba yupo, alikaa chumba cha ndani, pazia likashushwa, baba akabaki sebuleni, na mimi nikawekwa mlangoni.

"Mwambie baba yako mbuzi wake amekula leso yangu."

"Abo, nyanya anasema mbuzi wako amekula leso yake."

"Mwambie nyanya yako pole, nitamletea nyingine."

"Akko, baba anasema pole, atakuletea nyingine."

Na wote wawili wameshasikiana vizuri kabisa! Nyumba yenyewe ni ya mabati, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Nilipokuwa mdogo nilijaribu kufupisha ili nikacheze. Wapi! Nyanya alikohoa nyuma ya pazia na kusema, "Maneno yangu hayakuwa hayo." Ikabidi nirudie yote, na pole zake, na salamu zake, na ile leso ilikuwa ya rangi gani.

Nimeanza na hayo kwa sababu watu wakiniuliza nilichaguaje kozi ya chuo, nao wanatarajia nitaje alama za mtihani, mimi nakumbuka pazia.

Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri, mashallah, na nyumba nzima ikajua nitakuwa mwalimu kabla mimi sijajua. Baba alikuwa ameshaamua. Yeye alikuwa dereva wa pikapu iliyokusanya maziwa ya ngamia vijijini na kuyaleta mjini Isiolo, kwenye kituo cha kikundi cha kina mama ambako yalipoozwa na kuuzwa. Barabarani alibeba kila aina ya abiria, na kila aliyepanda na shahada isiyoeleweka alimtia hofu. Mtoto wa jirani yetu alisomea kitu fulani cha maendeleo, akarudi na joho na picha nzuri ukutani, na sasa anaendesha boda boda pale karibu na soko la miraa.

"Ualimu," baba alisema. "Mwalimu anajulikana ni mwalimu. Daktari ni daktari. Hata askari, mbaya vile alivyo, anajulikana."

Sikuwa na neno la kupinga. Watoto wa shule niliwapenda, ila wakiwa mbali kidogo. Nikasema sawa, nikasubiri tovuti ya kuchagua kozi ifunguliwe, na kwa sababu nilikuwa nakaa bure nyumbani nikila chapati za watu, nyanya akanitafutia kibarua.

Kikundi cha maziwa kilikuwa na shida. Maziwa yalikuwa yanaharibika. Yakitoka kwa ngamia ni mazuri, madumu yamefukizwa moshi vizuri ili maziwa yasichache upesi, lakini yakifika kituoni mengine yameshaanza kuchacha, na wanunuzi wa Nairobi wameanza kununa. Viongozi wakaamua kuleta mkufunzi kutoka huko Nairobi awafundishe wote: wakusanyaji, madereva na wauzaji. Yeye alijua Kiswahili na Kiingereza. Nusu ya kina mama walijua Kiborana, na Kiswahili cha kuuzia maziwa tu. Nyanya, aliyekuwa mkuu wa wakusanyaji na mwenye sauti kubwa kuliko umri wake, akasema mjukuu wake atatafsiri.

Mkufunzi alikuwa mama mchangamfu wa makamo, mwenye viatu vya raba na kicheko cha ghafla. Nilimpenda siku ile ile. Alijua mambo yake; alionyesha jinsi ya kupima maziwa, joto linavyoyafanya, kwa nini kona moja chafu inaharibu dumu zima. Nikawa natafsiri, naona nyuso za kina mama zinafunguka, na moyoni nikahisi raha ambayo sikuwa nimewahi kuihisi darasani. Watu wazima! Mtu aliyekamua ngamia maisha yake yote anakaa, anasikiliza, anasema "Aaa, kumbe!" Hiyo "kumbe" ya mtu mzima ni tamu, haki ya Mungu. Ya mtoto huipati hivyo, kwa sababu mtoto kila kitu kwake ni kumbe.

Baada ya chai mkufunzi akasema sasa tutaigiza. Mmoja atakuwa mteja mwenye hasira, mwingine muuzaji, watazamane machoni, waambiane ukweli. Akapitisha bakuli la vifuniko vya chupa, kila mtu achukue kimoja, wenye rangi moja ndio wawili wa pamoja.

Baba akafungua kiganja chake kule upande wa madereva. Kijani. Nikageuka upande wa kina mama, na kabla nyanya hajafungua mkono wake, nilikuwa nimeshajua. Kijani.

Ukumbi mzima ukainamisha macho. Kila mtu aliyezaliwa pande zetu alikuwa ameshaona. Mkufunzi peke yake ndiye hakuona. Yeye alidhani ni aibu ya kawaida ya wanafunzi wazima, na kazi yake ilikuwa kuiondoa.

"Jamani, msiogope!" akasema kwa furaha. "Karibu mama. Karibu baba. Njooni hapa mbele, mkae mkitazamana!"

Na akamshika nyanya mkono, akaanza kumvuta taratibu kuelekea kwa baba.

Sikuwahi hata kuanza kutafsiri. Baba, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, aligeuka akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, ule wa pale madumu yanapooshwa. Tukasikia madumu yakianguka, moja baada ya jingine, kwa muda ambao ulionekana mrefu sana. Nyanya naye alijifunika shela uso mzima, akatokea mlango wa mbele bila kuona anakokwenda, akagonga nguzo, akaiomba nguzo msamaha. Kina mama wengine walikuwa wameinama, mabega yanatikisika. Walikuwa wanacheka na kutubu kwa pamoja.

"Nimefanya nini?" mkufunzi akaniuliza.

Kesho yake hawakuja. Hata wale ambao hawakuwa na mkwe mle ndani walikaa nyumbani, kwa sababu nani anajua siku ya pili atavutwa kwa nani? Mkufunzi alikaa katikati ya viti vitupu, na mimi nikamletea chai ya maziwa ya ngamia nikamweleza. Alishika kichwa. Halafu akaniuliza yule baba ni nani yangu, na nilipomwambia, na kwamba yule mama ni nyanya yangu, aliangua kicheko hadi machozi yakamtoka, nami nikacheka, tukashikana mikono tukicheka kama wendawazimu, na madumu ya jana bado yamelala pale nje.

Alipotulia alisema jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. "Hawa watu wanajua kutunza maziwa. Nimewapima, wanajua kuliko wengi niliowafundisha. Yanaharibikia njiani, na kila mtu hapa anajua wapi, na hakuna anayesema. Mbona hawasemi?"

Jibu lilinijia mara moja, nalo likanishtua. Madereva ni kina nani? Ni wakwe. Kikundi ni cha kina mama, na kazi za kuendesha walikuwa wamewapa waume wa binti zao. Na wewe utamwambiaje mume wa binti yako kwamba anaegesha gari juani, madumu yanachemka nyuma, yeye yuko kibandani anakunywa chai na kupiga soga? Humwambii. Unafukiza dumu lako mara mbili, unaomba Mungu.

Nilipomwambia hivyo, mkufunzi aliweka kikombe chini. "Sasa wewe ungefanyaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kuhusu jambo lolote la watu wakubwa. Nikamwambia, kwetu neno la mkwe linapita mlangoni. Tuwape mlango.

Jioni tukazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, mkufunzi akiwa na viatu vyake vya raba na kilo za sukari. Nyanya alimpokea vizuri sana. Alisema hakuna ubaya, ila nguzo ya kituo ndiyo inayodai radhi.

Walirudi. Safari hii kina mama walikaa ndani, madereva nje kwenye kivuli cha mabati, ukuta katikati, na mimi mlangoni. Mkufunzi akauliza kila upande: mnataka upande wa pili wajue nini kuhusu maziwa? Mwanzoni ilikuwa salamu tupu. Kisha nyanya akakohoa. Nikakijua kikohozi hicho.

"Waambie madereva," akasema, "tunawashukuru kwa barabara mbaya wanayopita kwa ajili yetu. Na uwaambie maziwa hayanywi chai."

Nikatoka nje. Baba alikuwa mbele kabisa, anaangalia vidole vya miguu yake. Nilisema yote, shukrani ya barabara kwanza, kisha ile ya chai. Sikumtazama yeye, nilitazama kofia zao zote kwa pamoja. Mmoja akaguna, mwingine akajikuna ndevu, na mkufunzi hapo hapo akawaletea dumu lililokaa juani na lililokaa kivulini, akawapa waonje. Hakuwaambia kitu. Walionja, wakatema, wakasema "Aaa, kumbe!"

Baba alipata sauti mwishowe. "Waambie waliosema, tumesikia. Na uwaambie wakichelewa kukamua, sisi tunaondoka jua limeshapanda. Wao nao waamke."

Nikarudi ndani nikasema. Kelele zilizotoka huko! Siku nzima nilikuwa natembea kati ya kivuli na ukumbi, miguu inauma, sauti imekauka, na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Wiki hiyo baba alianza kuegesha chini ya mti na kufunika madumu kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Maziwa yakaanza kufika salama. Hakuna aliyesema dereva fulani alikosea.

Mkufunzi alipokuwa anafunga mizigo yake nilimuuliza kwa aibu: hii kazi yako, mtu anaisomea wapi? Akacheka tena. Yeye alisomea lishe. Mwenzake wa ofisini alisomea usimamizi wa wafanyakazi, mwingine saikolojia, mwingine alikuwa mwalimu wa hesabu akachoka na chaki. "Kuna milango mingi," akasema. "Usiulize upi ni mkubwa. Uliza ni kitu gani kilikushinda kueleza juzi, na ni kozi gani itakayokueleza kitu hicho."

Nikakaa na swali hilo siku nyingi. Usimamizi wa wafanyakazi ulinivutia, lakini nilipousoma vizuri niliona mishahara, likizo na sheria za kazi, mambo muhimu ambayo yangenilaza usingizi. Saikolojia ilinipendeza, ila ilizungumza sana juu ya mtu mmoja mmoja, na mimi shida yangu ilikuwa ukumbi mzima. Mwisho nikaipata: elimu ya watu wazima, na ndani yake masomo ya mafunzo kazini. Jinsi mtu mwenye umri, kazi na heshima yake anavyojifunza kitu kipya bila kuvuliwa heshima hiyo. Niliruka pale kwenye kiti cha saiba, duka la intaneti nilikosomea hayo yote, mwenye saiba akadhani umeme umenirusha.

Mama alipenda. Baba, hapana.

"Ukimaliza watakuita nani?" akauliza.

"Mkufunzi, abo."

"Mkufunzi wa nini?"

"Wa watu walio kazini."

"Walio kazini wameshajua kazi. Kama hawajui wangekuwa kazini?" Akatikisa kichwa. "Hiyo haina jina. Chagua ualimu."

Mama alinivuta jikoni, akaninong'oneza, "Si jina lake lina elimu ndani? Mwambie ni ualimu tu, yaishe. Akija kujua utakuwa umeshahitimu." Wallahi nilijaribiwa. Ingekuwa rahisi mno. Lakini mimi niliyelelewa mlangoni, niliyerudishwa kila nilipopunguza neno, ningembebea baba neno la uongo, tena langu mwenyewe? Ulimi ulikataa. Nikamwacha mama na sufuria zake, nikaenda kwa nyanya kulia.

Tovuti ilikuwa inafungwa kesho yake. Baada ya swala ya alasiri nyanya akavuka uzio, akaingia chumba cha ndani, akashusha pazia. Baba alikuwa sebuleni na chai yake. Nikasimama mahali pangu.

"Mwambie baba yako, nimesikia msichana amechagua kozi na yeye amekataa."

Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia wapi. Kesi ilikuwa yangu, na mimi ndiye wa kuibeba, pande zote mbili, neno kwa neno.

"Abo, nyanya anasema amesikia msichana amechagua kozi na wewe umekataa."

"Mwambie nyanya yako ni kweli. Mwambie..." Baba akasita, akaangalia kikombe. "Mwambie huyu ndiye mtoto wangu wa pekee aliyefika huko. Sitaki asimame mbele ya wanaume wenye ndevu awaambie kazi yao hawaijui. Watamcheka. Mimi nawajua wanaume, nawabeba kila siku. Sitaki mtoto wangu achekwe."

Kumbe ni hilo. Mwezi mzima ananiambia habari za jina, na hofu yake ilikuwa hiyo. Nikageukia pazia. Nilisema yote. Nilisema "sitaki mtoto wangu achekwe" kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nyuma ya pazia nyanya akakohoa. 

"Mwambie baba yako nina swali moja. Siku ile ya madumu ya juani, yeye alikuwa amekaa nje na wenzake wenye ndevu. Aliyewafundisha alikuwa nani?"

Nikamgeukia baba. "Abo, nyanya anauliza... siku ile ya madumu ya juani, aliyewafundisha ninyi alikuwa nani?"

Baba akazungusha kikombe mkononi. 

"Na umuulize," nyanya akaendelea bila kusubiri, "kuna aliyemcheka huyo msichana? Na yeye mwenyewe, alichekwa?"

"Na anauliza, kuna aliyemcheka huyo msichana? Na wewe mwenyewe, ulichekwa?"

Baba aliweka kikombe chini. Akanitazama, na sikuwa nimezoea kutazamwa nikiwa pale mlangoni, kwa sababu mjumbe hatazamwi, husikilizwa tu. Alinitazama kama mtu anayeona gari aliloliendesha miaka yote na leo ndio kalifungua boneti.

"Mwambie nyanya yako," akasema polepole, "hakuna aliyecheka. Mwambie sikujua hata kama nilikuwa nafundishwa." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mwambie watu watamwita watakavyomwita. Aende akasome."

Ilikuwa zamu yangu. Nikageuka nikafungua mdomo, na machozi yakanijaa, na hakuna kilichotoka. Miaka yote ile ya leso na mbuzi na salamu sikuwahi kukwama, na sasa neno lililo zuri kuliko yote niliyopewa kubeba limenishinda. Nikajaribu tena. "Akko, baba anasema..." Nikashika fremu ya mlango nikalia.

Baba alisubiri. Mama alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hakuna aliyejua la kufanya, maana hakukuwa na njia nyingine ya neno kufika.

Kisha pazia likatikisika kidogo, kama mtu amelishika kwa ndani.

"Nimesikia," nyanya akasema.

Hakusema mwambie. Alimjibu yeye, baba, moja kwa moja. Baba alishtuka akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, na akakaa hivyo, akitabasamu chini, hadi chai yake ikapoa.